Kanda ya Mwisho ya Galgalo

Zakaria Uledi, fundi wa redio wa Garsen, alizikwa kwao Wenje mwezi uliopita. Kibandani mwake sasa zinauzwa kava za simu.

Zamani mfugaji aliyekuwa mbali na nyumbani alituma barua ya sauti. Alizungumza kwenye kanda, wachuuzi wa ng'ombe wakaifikisha kwa Zakaria, na mke wa mfugaji akaja kuisikiliza. Akimaliza, Zakaria aliifuta, mke akarekodi jibu, nayo ikarudi malishoni. Kanda moja ilibeba ndoa nzima. Leo kila mtu ana simu mfukoni na hana la kumwambia mwenzake.

Mwaka juzi Barwako, mjane wa Galgalo, alileta kanda ya mwisho ya mumewe. Galgalo alifia malishoni kabla hajajibiwa, ndiyo maana hii haikufutwa. Humo alikuwa amemwombea dua mtoto aliyekuwa bado tumboni. Mtoto huyo, Bishara, alikuwa anakaribia kuolewa, na hakuwahi kuisikia sauti ya babake.

“Itie kwenye flashi, fundi. Aisikie siku ya harusi.”

“Hata kikohozi chake nitakuwekea, Mama Bishara.”

“Kikohozi kiache. Nilikisikia cha kutosha.”

Zakaria aliunganisha deki na kisanduku cha kugeuza sauti kuwa tarakimu, kisha akavuta waya hadi kwenye rekoda yenye flashi. Mitambo hii huikata sauti vipande maelfu kwa sekunde, na kila kipande sharti kipokewe kwa wakati wake. Ndiyo maana rekoda hutakiwa kufuata saa ya ndani ya kisanduku. Yeye aliacha kila mtambo ufuate saa yake. Alipomaliza, mikono yake ikafanya ilivyozoea: ikairudisha kanda mwanzo na kuifuta, tayari kwa jibu.

Ndipo akaisikiliza flashi. Sauti ilitetemeka na kukatikakatika, maneno yakimegeka katikati.

Barwako alipokuja, Zakaria hakumficha.

“Basi rudia,” alisema Barwako. “Kanda si ipo?”

“Nimeifuta.”

Barwako aliichukua kanda yake.

“Zote ulinifutia,” alisema, “na kila mara nilikushukuru.”

Siku ya harusi waliipiga sauti hiyo hiyo ya flashi. Zakaria alikuwa amesimama mlangoni. Bishara alisikiliza hadi mwisho, kisha akamgeukia mamake.

“Kumbe Baba alikuwa mzee sana?”

Galgalo alikufa akiwa na miaka ishirini na minane. Barwako alimtazama Zakaria, akamtengenezea bintiye mtandio.

“Ndiyo, mwanangu,” alisema. “Alikuwa mzee.”