Adhana Iliyogoma Redioni

Bado naona aibu, lakini acha niseme. Mimi ni fundi wa kompyuta katika redio ndogo hapa Bagamoyo. Mchana mmoja wa Ramadhani niliweka kwa muda, kwenye kompyuta ya studio, programu ya kukatia video ya harusi ya dada yangu. Ilikuja na vifurushi, yaani viprogramu vidogo inavyovitegemea ili ifanye kazi. Nilipomaliza, nikaiamuru kompyuta iiondoe pamoja na vyote visivyohitajika tena. Nikajiona bingwa wa usafi.

Kumbe programu ya kupigia adhana nayo ilitumia vifurushi vilevile. Hiyo niliiweka kienyeji, kwa mkono, kwa hiyo kompyuta haikujua kwamba bado vinahitajika.

Magharibi ikaingia. Mtangazaji wetu, Bi Zuhura, akakaribisha adhana, akabonyeza. Kimya. Na watu wanasubiri kufuturu! Nikaingia studio mbio, jasho likinitoka, nabonyeza hiki na kile.

“Kuna nini, Saidi?”

“Nimefuta vitu, Bi Zuhura! Kisa video ya harusi! Tafadhali usimwambie bosi!”

Simu yangu ikaita. Alikuwa mama, nyumbani Kaole.

“Mwanangu, zimeni hiyo maikrofoni. Tunakusikia wote.”