Chungu Kilichosuguliwa kwa Sabuni

Sikudhani binti Kibwana alizaliwa Kibuta mwaka ambao hakuna aliyeuandika, akaolewa na Matano mwaka ambao hakuna aliyeusahau, kwa sababu Matano alikuwa tayari na mke, Zubeda, na Zubeda alikuwa na sauti. Mume alipofariki, kila mjane alishikilia kwamba marehemu aliomba maji ya mwisho kwake, na wakaacha kusalimiana. Mwaka 1974 watu walipohamishiwa kijiji cha ujamaa, viwanja viligawiwa kwa orodha. Na orodha, isiyojua habari za maji ya mwisho, ikawapanga jirani.

Kijiji kilipofungua kituo cha kulelea watoto ambao mama zao wako shamba la pamoja, Sikudhani akapewa upishi. Hakuwahi kupewa kitu kingine na mtu yeyote, akaushika kwa mikono miwili. Chakula chake kilikuwa togwa. Aliotesha mtama ndani ya gunia bichi, akauanika, akapukuta vijizizi vyake vichungu, akausaga: hicho ndicho kimea. Alipika uji mzito wa mahindi, ukipoa akatia kimea, na uji uliokuwa unashika mwiko ukalegea mpaka mtoto wa mwaka mmoja akaweza kuunywa. Mwisho aliumimina kwenye chungu chenye masalio ya togwa ya jana, ambayo yeye aliyaita mbegu. Kesho yake ilikuwa na ukali wa kukunja uso kidogo, na watoto ishirini na sita waligombea kulamba vikombe.

Masika ya 1979 alifika Melkiori, afisa afya kijana kutoka Kibaha, mzaliwa wa Bukoba, mwenye cheti kipya.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

Alifunua chungu, akanusa, akarudi nyuma hatua mbili. “Mama, hiki kimechacha!”

“Kimechacha vizuri.”

“Kilichochacha kimeharibika.”

“Kwenu mnakamua ndizi, mnaziacha zichemke zenyewe mpaka wazee wanaimba. Hizo nazo zimeharibika?”

“Hiyo ni pombe ya wakubwa, mama. Hawa ni watoto.”

Melkiori hakuwa mtu mbaya. Alikunja mikono ya shati, akamwaga togwa, akakisugua chungu mwenyewe kwa sabuni na mchanga, akakisuuza kwa maji ya moto, kisha akabandika ilani mlangoni: chakula cha watoto kiliwe siku ile ile kilipopikwa.

Ubaya wa ilani ni kwamba ilihesabu siku, na vijidudu huhesabu saa. Uji mpya uliopikwa alfajiri ulimngoja mlaji mpaka adhuhuri, vuguvugu, na kuni mbichi za masika hazikukubali kuupasha. Wiki ya pili watoto kumi na mmoja walikuwa wanaharisha. Melkiori alirudi, akasoma daftari la mahudhurio, kisha akaitazama mikono ya Sikudhani. Akapendekeza mpishi abadilishwe. Mwenyekiti Mfaume, aliyeogopa karatasi kuliko chui, akasema Ijumaa atateua mwingine.

“Mwanangu,” Sikudhani alimwambia Melkiori, “uji wako na togwa yangu, tuviweke kando kwa kando, vifunikwe. Ijumaa ufunue wewe. Yangu ikioza, mwiko huu hapa, uchukue.”

Melkiori alikuwa amesoma kiasi cha kuheshimu jaribio. Akakubali.

Siku hiyo hiyo, Jumatatu, Sikudhani akaandaa togwa. Jumanne ilinuka kama maji ya kulowekea ukindu. Chungu kilikuwa safi mno. Katika vinyweleo vya udongo wake walikuwa wanaishi wapangaji wa miaka mingi, wale wanaokula utamu wa unga na kuugeuza asidi, na katika ukali huo vijidudu vya kuhara havipati pa kukaa. Sabuni iliwafukuza wote. Sikudhani hakuwajua kwa majina. Alijua tu kwamba anahitaji mbegu, na mbegu nzuri iliyobaki kijijini ilikuwa ng'ambo ya ua wa makuti, kwa Zubeda.

Kwa wanawake wa pale, mbegu ya togwa haitumiwi mjumbe. Unakwenda mwenyewe na bakuli, unaonjeshwa kwanza, kisha unasema ya mwenyeji ni tamu kuliko yako. Bila neno hilo unarudi na bakuli tupu.

“Hodi.”

“Hodi ya nani hiyo? Sauti naikumbuka, adabu siikumbuki.”

“Ni mimi, dada.”

“Leo nimekuwa dada! Kunywa.”

Sikudhani akanywa. Ilikuwa nzuri, na hilo ndilo lililomuuma. “Ni tamu kuliko yangu.”

“Sema tena, masikio yamezeeka.”

“Tamu kuliko yangu, Zubeda, na Mungu ananiona!”

“Anakuona na mimi nakusikia. Lete bakuli.” Akalijaza pomoni, akaongeza, “Wajukuu zangu wawili wako kwenye hao kumi na mmoja. Ungekuja mapema.”

Ijumaa Melkiori alifunua mbele ya mwenyekiti. Uji wake ulikuwa umeota povu la kijivu, na Mfaume akakumbuka ana kikao kwingine. Togwa, iliyopikwa upya Jumanne kwa mbegu ya Zubeda, ilinukia togwa. Kijana akachovya kipande cha karatasi ya kupimia ukali, ikageuka nyekundu. Akaitazama muda mrefu, akaomba kikombe, akanywa, akaomba tena. Ilani akaibandua mwenyewe.

Mwezi uliofuata watoto waliohudhuria walikuwa ishirini na watano, na wa ishirini na sita alikuwa amevunjika mkono tu. Melkiori alileta nakala ya ripoti yake, akawasomea Sikudhani na Zubeda, waliokuwa wanapepeta mtama kwenye ungo mmoja wakibishana. Ilisema kuhara kumepungua kutokana na togwa iliyoboreshwa na mtaalamu.

“Mtaalamu gani huyo?” aliuliza Sikudhani.

Melkiori akatazama viatu vyake. “Ni mimi, mama.”

“Ahaa,” alisema Sikudhani, akamsogezea mchi. “Basi boresha na mtama huu.”