Mzee Kheir Hamlaumu Mtu

Mtaa mzima wa Mkunazini ulisema Mzee Kheir ni walii. Walii! Maskini, watu hawajui. Ukimmwagia maji machafu kutoka ghorofani atakwambia ahsante, joto lilizidi. Bodaboda ikimrushia matope kwenye kanzu, husema, "Kijana hodari huyu, Mungu amweke." Lakini mtazame anavyotokwa na jasho akisema hivyo, utajua ule si uchaji Mungu, ni woga.

Kwao Mkokotoni mzee huyu alikuwa na kazi yake, na kazi yenyewe kuua. Kisu hakushika. Alirithi subiani, jini wa kutumwa, kwa babake. Wenye chuki zao humjia na jina la mtu, yeye akafukiza ubani, akalitamka, na haupiti muda pana matanga. Kisha huenda kula hitima, hana haya! Siku moja binti wa marehemu alimnawisha mikono, akamwambia, "Shikamoo babu, Mungu atakulipa kwa kuja kutuliwaza." Wali ukamkaa kooni. Akaapa kuiacha kazi ile, akahamia mjini kutafuta utulivu.

Lakini subiani hastaafu. Alimfuata na kanzu yake nyeupe na kofia ya viua, akakaa pembeni ya baraza akingoja kazi, haonwi na mtu ila bwana wake. Na sikio lake ndilo balaa. Neno lolote la hasira likimtoka bwana wake, yeye hulichukua kuwa amri. Mzee alimlaani paka aliyemwibia samaki; "Naam," akasema subiani, na paka akakutwa kakauka mlangoni. Toka hapo ndipo mzee akawa walii.

Aliyemtia mtihanini zaidi ni Ubwa, seremala wa mkabala, anayegongomea misumari ya shaba kwenye makasha ya kuwauzia watalii. Ko! Ko! Ko! Kutwa.

"Makelele yangu yanakukera, Mzee Kheir?"

"Hata! Yananiliwaza."

Basi Ubwa, mja wa Mungu yule, akazidi kugonga ili amliwaze vizuri, na jioni humletea bakuli la urojo. Mzee akaishia kumpenda, tena bila kutaka.

Tumaini lake lilikuwa moja tu: subiani achoke kukaa bure, aende zake, asije akarithiwa na Ulfat, mjukuu wake wa pekee anayekaa naye. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi.

Asubuhi moja Ulfat aliamka kichwa kinamuuma. Akafungua dirisha la juu kwa kishindo.

"Ubwa! Ufe huko na nyundo yako!"

"Naam," akajibu subiani, na safari hii alimwinamia Ulfat.

Mzee akaruka kutoka barazani. Urithi ushaanza, naye hajafa! Subiani alikuwa kashavuka uchochoro. Ubwa nyundo imemtoka, kashika kifua, pumzi haiji.

"Rudi!" mzee akapiga ukelele. "Bwana wako bado mimi, na kazi nnayo!"

Subiani akageuka, furaha imemjaa. "Nlijua tu utarudi. Jina?"

Mzee akawatazama watu wa uchochoro ule, wote aliowaombea heri kwa hofu hata wakawa jamaa zake.

"Kheir wa Msabah."

"Hilo lako."

"Ndiye anayenikera kuliko wote."

"Nikikuua wewe nimekwisha," akasema subiani. "Jini aliyemla bwana wake harithiwi na mtu."

"Ndicho nnachotaka."

Subiani akakaa chini, kanyong'onyea. Jina likishatamkwa na bwana mwenyewe halirudishwi, na yeye hachukui kazi mbili kwa pamoja. "Lini?" akauliza.

"Nikishasali Alasiri."

Ubwa akavuta pumzi, akakohoa, akamwomba Mungu, akaokota nyundo yake. Ko! Ko! Ko! Mzee Kheir machozi yakamtoka. Akamtazama subiani aliyekwisha kupewa kazi yake, kisha akajaza kifua pumzi.

"We Ubwa, mwanahizaya! Umenitoboa masikio miaka yote hii! Punguza!"

Ubwa akaweka nyundo chini. Subiani hakusema naam. Mzee akainua uso kwa yule mmwaga maji wa ghorofani, akamtolea lake, kisha akasimama katikati ya njia kumngoja wa bodaboda. Hata adhana ya Alasiri inalia, mtaa hauna aliyesazwa na ulimi wake.