Tulioketi Nyuma ya Shuka

Nikisikia harufu ya njugu za kukaanga, namkumbuka rafiki yangu wa utotoni, tumebanana sakafuni katika ukumbi wa mtaa wetu wa Eastlands. Jumamosi moja jioni walikuwa wakionyesha sinema ya karate kwenye shuka nyeupe, sinema ninayoipenda hadi leo. Watu wazima walijaza viti vyote, nasi watoto tukasukumwa nyuma ya shuka, ambako kila kitu kilionekana kinyume.

Rafiki yangu aliandika kwa mkono wa kushoto, na shuleni alichapwa vidole kwa sababu hiyo. Ghafla akanifinya.

"We! Umemwona shujaa? Anapigana na kushoto!"

"Tuko nyuma ya shuka, ndiyo maana."

"Najua. Lakini si umeona vile anashinda?"

Jumatatu, mwalimu alipoinua rula, rafiki yangu hakuuficha mkono.

"Mwalimu, soma kwanza nilichoandika, halafu unichape."

Mwalimu akasoma mpaka chini, akaweka rula mezani. "Endelea," akamwambia.

Rafiki yangu alipokua mtu mzima, aliandika majina ya maduka kwenye kuta za mtaa, kwa mkono uleule, mpaka maradhi yakamchukua.

Majuzi nilipita kwa kinyozi, nikakuta ukuta wake una rangi mpya, ila jina la duka, lililoandikwa na rafiki yangu, hakuligusa. Nikamwuliza kwa nini.

"Mama, nani mwingine ataniandikia hivi?" akasema. "Nimezunguka kila herufi na brashi ndogo."