Jivu la Moto na Nyayo za Bibi

Nikiwa mtoto kule milimani Uluguru, Mjerumani akiwa bado bwana wa Morogoro yote, mwanamke mwenye mabaka kwenye miundi ya miguu alikuwa mchawi. Hapakuwa na mjadala. Ati yale mabaka madogo ya kahawia, yaliyobonyea kidogo, yalitokana na kuota moto wa wachawi. Watu wazima na ndevu zao waliyasema haya bila kucheka.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa nayo. Tena alimaliza mtungi wa maji peke yake, na usiku alitoka kukojoa mara nne, mara tano. Pale alipokojoa, asubuhi walijaa sisimizi. Kwa majirani zetu wenye akili nyingi huo ulikuwa ushahidi tosha: anatembea usiku, na ana wadudu anaowafuga. Masika yale watoto wawili walipokufa kwa kifua, kila mtu akajua wa kulaumiwa.

Aliyelivalia njuga jambo lenyewe alikuwa Mkude, mdogo wake Bibi, mkuu wa ukoo. Kwetu ardhi hufuata ukoo wa mama, na Bibi ndiye aliyekalia bonde la magimbi kando ya kijito. Akifukuzwa kwa uchawi, bonde linarudi kwa mkuu wa ukoo. Mkude alilia sana kwenye misiba ya wale watoto. Sijapata kuona machozi rahisi namna ile.

Akaletwa mganga, mtu mnene mwenye hirizi nyingi kuliko maneno ya maana. Zamani angemnywesha Bibi sumu ya mwavi, akifa mchawi, akitapika si mchawi. Lakini Mjerumani alikuwa ameupiga marufuku mwavi, na aliyekamatwa nao alilazwa chini akala hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Mganga wetu aliyapenda makalio yake. Akabuni kipimo kipya: mtuhumiwa asimame kwenye jivu la moto mpaka yeye amalize kunuiza. Akiondoa mguu, mchawi. Jivu halikuwamo kwenye amri ya Mjerumani.

Bibi alikataa. Alisema heri ahame kuliko kuchezewa na wapumbavu, akaanza kukunja mkeka wake aende kwa binamu yake ng'ambo ya mlima. Mimi nililia. Nilikuwa na miaka tisa hivi, na nilijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Siku chache nyuma, jikoni, kaa la moto lilimwangukia juu ya mguu, naye akaendelea kusonga ugali mpaka mimi nikalipangua kwa kijiti.

"Bibi, kubali," nikamwambia. "Miguu yako haisikii moto."

Akanitazama, kisha akaukunjua mkeka.

Kesho yake alisimama kwenye jivu mbele ya kijiji kizima. Mganga alinuiza polepole, akarudia, akasubiri ukelele. Jasho lilimtoka yeye. Bibi akamuuliza, "Umemaliza, au kuna mengine?" Wanawake wakapiga vigelegele. Mkude akamkumbatia dada yake, akicheka kwa meno tu. Mimi nilitembea kijijini pua juu wiki nzima, nikiwatukana wajukuu wa Mkude kila nilipokutana nao.

Nyayo zikafura malengelenge, yakapasuka, vikawa vidonda. Havikupona. Tuliweka majani, tukaweka asali, tukaweka mafuta ya mbarika, na nyumba ikazidi kunuka. Wale wale wa vigelegele wakaanza kunong'ona kwamba alimdanganya mganga, ila mizimu haidanganyiki. Bibi akafa kabla ya mavuno, akiwa mchawi vinywani mwao. Udongo wa kaburi haujakauka, Mkude yuko bondeni anang'oa magimbi.

Nimewadharau watu wale maisha yangu yote, wala sijachoka. Mganga nilimdharau, Mkude nilimtemea mate hadi siku alipozikwa. Lakini wote wawili hawakuweza kumsimamisha Bibi kwenye jivu. Mimi niliweza.

Uzeeni mabaka yale yale yalinitoka miundini, nikapelekwa hospitali mjini. Daktari, kijana mdogo, akaniamkia shikamoo, akanieleza bila kunong'ona. Sukari ikizidi kwenye damu kwa miaka, inaharibu vile vishipa vyembamba vya damu vilivyo ndani ya ngozi. Kuta zake zinanenepa, damu inapita kwa shida, ngozi inaacha mabaka. Mishipa ya fahamu nayo inakufa ganzi, na kidonda kikiingia hakina damu ya kukiponya. Akaniuliza kama kuna mwingine kwenye ukoo aliyekuwa na ugonjwa huu.

"Bibi yangu mzaa mama," nikasema. "Hakuwa mchawi."

Akaandika kwenye kadi, akanivua viatu, akanigusa unyayo kwa ncha ya sindano. Akauliza kama nasikia.

"Sisikii, baba."

Neno hilo, kwamba miguu yake haisikii, ningelisema kwa sauti pale kijijini, wangemwita Bibi mchawi na kumfukuza, naye angevuka mlima kwa nyayo zake nzima.