Kuta za Kulaza na Mtandao wa Chumba cha Nyuma

Baba mkubwa wangu ni mwashi, tena mwashi wa kulaza matofali. Wenzake hulaza tofali kwenye msingi, wakifika juu wanalisimamisha ili ukuta uwe mwembamba na mwenye nyumba asilie gharama. Yeye nyumba yake aliilaza yote, mpaka ukuta wa choo. Ukimuuliza anaogopa nini, anakujibu, "Siogopi kitu. Ukuta ni ukuta."

Kwa hiyo WiFi ilipoingia nyumbani kwake, iliishia sebuleni. Binti yake, ambaye mimi namwita dada, analala chumba cha nyuma na humo humo ndimo anamofanyia kazi: anapokea simu za wateja wa kampuni moja kwa kompyuta. Mteja akianza tu kulalamika, mtandao unakata. Mteja anadhani amekatiwa makusudi, na kusema kweli wengine walistahili. Alipopewa onyo la pili kazini, dada akatangaza mezani kwamba amepata chumba cha kupanga, mwisho wa mwezi anahama.

Baba mkubwa alimaliza kula, akanawa, akanipigia simu. "Wewe si mtu wa kompyuta? Njoo ulete mtandao mpaka nyuma."

Mimi nauza simu, lakini kwa mzee huyu kila chenye kioo ni ukoo mmoja. Habari ya kuhama nilielezwa na dada. Tangu mama mkubwa afariki wamebaki wawili tu nyumba nzima, na hilo pia mzee hakulitaja.

Nikaenda na kifaa cha pili cha mesh, kile kinachopokea mtandao kutoka kwa mwenzake wa sebuleni na kuusukuma mbele. Sijavua hata viatu, mzee ameshakichomeka chumba cha nyuma. Taa nyekundu.

"Baba mkubwa, hapo hakipati cha kusukuma. Ni kama kufunga bomba pasipofika maji. Kikae katikati."

"Katikati ni chumbani kwangu."

"Basi kikae chumbani kwako."

Tukakiweka kando ya kitanda chake. Nyekundu. Ikabidi niseme: tutoboe kuta, tupitishe waya mpaka nyuma.

Alinitazama kama nimemtukania mama yake, akatoka nje. Nikaanza kukunja waya wangu. Mara akarudi na drili, akanisogeza kwa kiwiko, akatoboa mwenyewe. Ncha za drili zilivunjika njiani, na mimi nikajikuta nauonea ukuta fahari.

Tukakirudisha kifaa chumba cha nyuma, tukakiunga na waya, taa ikawa kijani. Dada akapokea simu, mteja akalalamika mwanzo mpaka mwisho bila kukatika. Mzee alisimama mlangoni, vumbi mpaka kwenye kope, akimsikiliza binti yake anavyoomba radhi kwa niaba ya kampuni.

"Mtandao umefika," akasema simu ilipoisha.

"Umefika, baba. Ahsante." Dada akavua vipokea sauti vya masikioni. "Lakini bado nahama."

"Si ulisema tatizo mtandao?"

"Nilisema mtandao kwa sababu ndiyo rahisi kusema. Baba, mimi ni mtu mzima. Nataka kwangu."

Nikajitia kufagia. Mzee akachomoa kile kidude, akamnyooshea. "Kichukue basi. Kikusaidie huko."

"Hicho peke yake hakifanyi kazi, baba. Kinategemea kile cha sebuleni."

Akakigeuza geuza mkononi. "Mimi nitabaki peke yangu," akasema. Sijawahi kumsikia akisema kitu cha namna hiyo.

"Najua," dada akasema. Alikuwa analia. "Ndiyo maana nimekaa muda wote huu bila kukuambia ukweli."

Mwisho wa mwezi alihama kweli. Siku hizi mzee akishamaliza kula huenda chumba cha nyuma, hukaa kwenye kitanda kisicho na godoro, akampigia binti yake kwa video. Nimemwambia sebuleni mtandao una nguvu zaidi. Ananijibu kwamba anajua.