Shahada ya Utawala kwa Bei ya Kangomba

Nakumbuka siku ambayo mikorosho yetu ya Kinjumbi ilikuwa imechanua, mwanangu, nami nikapanda basi kwenda Lindi kuuza korosho zake kabla haijazaa. Jana uliniuliza kwenye simu kama shahada ya utawala wa umma inalipa, na kama mkopo wake unabebeka. Ningeweza kukujibu kwa neno moja ukalale. Lakini swali hilo mimi niliulizwa zamani, na mtu asiyepepesa macho, na jibu alilonilazimisha kulitafuta ndilo ninalolitegemea mpaka leo. Basi vumilia kidogo. Mzee akianza kusimulia, chai hupoa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita na kupata nafasi chuo kikuu kusomea hayohayo unayotaka kusoma wewe. Mkopo wa serikali nilipewa nusunusu: ungelipa sehemu ya ada, na iliyobaki tuitafute wenyewe. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na mama hakuwa na kitu ila shamba la mikorosho. Na korosho haiharakishwi. Chuo kinafunguliwa wakati mavuno ndiyo kwanza yanaanza, na malipo ya chama cha ushirika huja mwaka ukikaribia kwisha. Kipindi hicho cha katikati ndicho kinachowabana watu wa kwetu, na ndipo wanunuzi wa kangomba wanapopita. Mtu anakuja na fedha mkononi, anatazama maua juu ya miti, anakupa bei ya kutupa, na korosho zitakazozaa si zako tena. Biashara hiyo imekatazwa, ila njaa haisomi matangazo.

Mnunuzi niliyemwendea hakuwa mgeni. Alikuwa Somoe, dada mkubwa wa mama yangu, mwenye duka pale Mtanda, mjini Lindi. Mama mkubwa alinunua kangomba vijiji vingi vya pwani, na kila mtu alijua. Alikuwa mrefu, mcheshi, mkali wa bei, na mtu akifiwa yeye alikuwa wa kwanza kumpelekea mchele. Nilimpenda mno mama yule. Usishangae, mwanangu, mtu mmoja anaweza kuwa na mambo mawili.

Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniwekea chai na vitumbua, nikamweleza haja yangu: anunue maua ya mama, nami nipate ada. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kuuliza, na hakuuliza habari ya mikorosho. Alitaka kujua mtu akimaliza masomo yale anakaa muda gani kabla ya kuajiriwa. Anaanza na mshahara gani. Mkopo unaanza kukatwa lini, na kinachobaki kinatosha nini. Asiyepata kazi, deni lake linakwenda wapi. Yote nilijibu kwa kubahatisha.

"Mie nikienda kununua korosho za mtu nazunguka shamba zima," akasema. "Naangalia mti mkongwe, naangalia mti mchanga, nauliza kama dawa imepulizwa. Wewe unanunua shahada hujazunguka hata mti mmoja."

Nikamwambia nafasi itapita, wenzangu wataniacha. Hapo ndipo aliponiambia neno ambalo sikutarajia kulisikia kutoka kinywani mwake.

"Faida yangu yote, mwanangu, imetoka kwenye haraka ya watu. Kwa mdogo wangu sinunui."

Hata mkopo wa masomo, alinieleza, ni kangomba ya namna yake. Umeuza mshahara ungali ua. Hakusema ni haramu wala ni upumbavu. Alisema aliyeuza ua lazima awe na hakika kidogo ya mti, maana mti usipozaa mnunuzi bado atakuja na gunia lake. Kukopa harusi, kulipa matanga. Akaniambia nilale kwake, nizunguke mjini nikaulize, na nisiwaulize wanaofundisha masomo yale, bali waliokwisha kuyamaliza.

Wa kwanza nilimkuta Mitwero, kijana aitwaye Mfaume, mwenye shahada ileile, anafuga kuku uani kwa wazazi wake. Alikuwa ameshakwenda Dodoma kwenye usaili hata amechoka kuwaomba ndugu nauli. Hakunificha kitu. Alisema alipokuwa chuoni fedha ya kujikimu, ile vijana mnayoiita bumu, aliiona kama zawadi. Akanunua simu, akanunua viatu, akawa mtu wa kuwalipia wenzake chakula. Sasa viatu vimekwisha soli na fedha ile bado anadaiwa. Hakuwa mlevi wala mvivu, usimdharau. Alikuwa mtu mzuri ambaye hakuna aliyemwambia mapema.

Wa pili alikuwa Bi Neema, mtendaji wa kata, mtoto wa Kimakonde kutoka kule juu Newala. Nilimsubiri kwenye benchi ya ofisi yake asubuhi nzima, na kusubiri huko ndiko kulikonifundisha. Wazee wawili walikuja wamenuniana kwa sababu ya mpaka wa shamba. Bi Neema hakuwapigia kelele. Alivaa viatu vya mpira, akaenda nao shambani, akawafanya wote wawili waonyeshe jiwe la babu zao, ndivyo walivyonisimulia wenyewe, na waliporudi walikuwa wanataniana. Nilitamani kazi ile mpaka moyo ukaniuma. Alipopata nafasi akanieleza mshahara bila kuupamba: si mnono, lakini hauruki mwezi, makato ya mkopo yanaumiza miaka ya mwanzo, utapangiwa kata ya mbali usiyoijua, na ukitaka utajiri haraka kasome ufundi. Wala hakunidanganya. Kaka yangu fundi umeme alijenga nyumba ya bati zamani sana kabla yangu, na mpaka leo ananichokoza kwa hilo.

Nilirudi kwa mama mkubwa nikamweleza yote, ya Mfaume na ya Bi Neema, na nikamwambia bado naitaka. Aliendelea kupanga vibiriti kwenye rafu. Kisha akaniuliza bila kugeuka:

"Ukishakuwa mtendaji ukanikuta shambani kwa watu nanunua kangomba, utanikamata?"

Mwanangu, nilikuwa nimekula vitumbua vyake, nimelala kwenye kitanda chake. Nikasema sijui. Akasema kama sijui niende nikafikiri, na kama jibu ni hapana nisisumbuke na shahada, nikae pale nimsaidie kuuza duka, tutapata zaidi. Nilikwenda kukaa nyuma ya nyumba, nikalia kidogo, nikarudi nikamwambia, mama mkubwa, nitakukamata. Alicheka kwa furaha mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Basi akapanga. Nafasi niliomba iahirishwe mwaka mmoja, na chuo kikakubali. Korosho za mama zilisubiri zikavunwa, zikapelekwa chamani, na bei yake haikufanana hata kidogo na ile ya maua. Mwaka ule wote niliuza duka Mtanda kwa mshahara halali. Wenzangu walinitangulia, na siku walipoondoka niliona wivu, sikatai. Nilipokwenda chuo nilikuwa na sehemu yangu ya ada, na bumu nililitumia kwa chakula na vitabu. Nilimaliza, nikasubiri ajira muda ambao sikuupenda, nikifundisha masomo ya jioni nipate sabuni. Kisha nikapangiwa kata moja ya ndani huko Liwale, mbali hasa. Makato yalikatwa mwezi baada ya mwezi, na kwa sababu nilikopa kidogo yalikwisha wakati bado nina nguvu. Dawa ya deni ni kulipa, na iliyo nyepesi zaidi ni kukopa kidogo.

Nilipokwenda Mtanda kuaga kabla ya kuripoti kazini, nikakuta mizani imeondolewa dukani na magunia hayapo. Nikamuuliza mama mkubwa kulikoni. Akasema ameacha kununua korosho tangu msimu uliopita, anauza sabuni na unga tu. Alikuwa amepoteza biashara yake kubwa na hakunihesabia hata senti. "Ulisema utanikamata," akasema, "nami nilikuamini." Nimefanya kazi na wakubwa wengi wenye elimu na vyeo, na niliowaheshimu hawakuwa wachache, lakini sijamwona aliyelipa gharama ya neno la mtoto namna ile.

Sasa nikujibu, mwanangu. Shahada hii italipa kama unaitaka kazi yenyewe, benchi na mipaka na watu walionuniana. Ukiitakia fedha, kuna njia fupi zaidi na hazina aibu. Kabla ya kukubali mkopo, zunguka. Mtafute aliyepata kazi na mtafute aliyekosa, uwaulize wote wawili kinachobaki mkononi baada ya makato. Kopa kile ambacho huwezi kusoma bila hicho. Bumu likiingia, kumbuka ni mshahara wako wa baadaye unaula leo. Mwaka ukipita ukijiandaa haukupotea, na mama yako usimwambie auze kitu kwa bei ya haraka kwa ajili yako. Na ukiwa bado hujui utamfanyaje ndugu yako akivunja sheria mbele ya meza yako, usijaze fomu hiyo kwanza. Kaa nyuma ya nyumba ufikiri, hata ukilia si neno.

Mwenyezi Mungu akufungulie penye kheri na akuondoshee deni ukiwa na afya ya kufurahi. Akupe moyo wa kumwambia hapana hata mama yako mkubwa, na akujaalie mama mkubwa atakayekushukuru kwa hiyo hapana. Amin.